Tangi kubwa la samaki wa Tanganyika nyumbani: kuanzia sakafu mpaka kubadilisha maji

Watu wengi wakisikia tangi la samaki la lita elfu moja na zaidi, swali la kwanza ni bei ya kioo. Mimi nawaambia waanze kuuliza maji ya kwao yakoje, manake kioo unanunua mara moja ila maji utashughulika nayo kila wiki miaka na miaka. Ndo maana kwa mtu wa Dar, Tanga, Mombasa au popote ambapo maji ya kisima ni magumu, yani yana madini mengi, ushauri wangu ni mmoja tu, fuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Ziwa lile lina pH (kipimo cha uasidi, 7 ni katikati) kati ya 8.6 na 9 hivi, maji magumu, joto la juu kama nyuzi 24 mpaka 27, na maji ya visima vingi vya huku kwetu hayako mbali sana na hapo. Mtu anayelazimisha disikasi wa Amazon kwenye maji ya kisima cha Mbezi atapambana mpaka achoke, kumbe samaki wa hapa hapa nyumbani anayatamani maji hayo hayo.

Na samaki wenyewe ni wazuri jamani. Tanganyika ina aina zaidi ya 200 za sikilidi, jamii ya samaki ambayo perege na sato wamo, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Kuhe mnayemla Kigoma ni sikilidi, tena anatajwa kuwa mkubwa kuliko sikilidi wote. Tangu miaka ya 1970 mwanzoni samaki hao wanasafirishwa hai kutoka Bujumbura kwenda Ulaya na Marekani, Mbelgiji Pierre Brichard ndo aliyeifanya biashara hiyo ijulikane, kwa hiyo mtu wa Ujerumani anamjua frontosa, sikilidi mwenye nundu kichwani wa Kigoma, vizuri kuliko jirani yako. Hili linaniuma kidogo na ndo sababu naandika kirefu.

Mfano nitakaotumia mwanzo mwisho ni tangi la urefu wa mita 3, upana sentimita 90, kimo sentimita 70. Ukijaza ukaacha nafasi kidogo juu unapata kama lita 1,800.

SAKAFU KWANZA

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo maji peke yake tani 1.8. Kioo cha milimita 19 kina uzito wa kilo 47 na nusu kwa kila mita ya mraba, tangi zima linakuja karibu kilo 400. Weka mchanga na mawe kilo 200 mpaka 300, weka stendi, jumla umeshavuka tani mbili na nusu, na zote zimekaa kwenye eneo la mita za mraba 2.7. Yani ni zaidi ya kilo 900 kwa kila mita ya mraba, wakati sakafu ya ghorofa ya kuishi kwa kawaida inapigiwa hesabu ya kubeba kilo 150 mpaka 200. Kwa hiyo ghorofani usiweke bila injinia wa majengo kuangalia michoro, sio fundi ujenzi, injinia. Nyumba ya chini ndo salama, na hapo pia uliza chini ya ile terazo au vigae kuna nini, kama kuna zege la kueleweka juu ya kifusi kilichoshindiliwa sawa, kama ni sakafu nyembamba iliyomwagwa juu ya mchanga basi vunja sehemu hiyo umwage zege lenye nondo kabla ya kitu chochote.

Stendi unaweza kuchomelea kwa skwea paipu nene au kujenga kwa tofali na slabu juu. Mimi napenda tofali na slabu kwa mtu anayeishi kwake, haina kutu, na ukanda wa pwani kutu haina huruma. Kitu cha lazima ni usawa, weka pima maji urefu wote na upana wote na kona kwa kona, kioo kirefu namna hii kikikaa sehemu moja imeinuka hata milimita chache kinabeba mkazo kila siku mpaka siku kinaachia. Kati ya slabu na kioo cha chini weka shiti ya stairofomu.

KIOO AU ZEGE

Presha ya maji inategemea kimo, haijali urefu. Ndo maana nasema kimo kiishie 70, ukiweza 60 ni bora zaidi, hela inayobaki ongeza kwenye upana. Samaki hawa wanataka eneo la chini la kugawana, mnara wa maji hauwasaidii kitu, na wewe mkono wako lazima ufike chini wakati wa kusafisha. Kwa kimo cha 70 na urefu wa mita 3 nenda na milimita 19 na uweke mikanda ya kioo juu kuzunguka pande zote pamoja na ya kukatisha katikati. Silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuua ukungu, za bafuni nyingi zina hiyo dawa na inaua samaki, soma kopo. Ikishagandishwa iache wiki nzima au zaidi, halafu jaza maji tangi likiwa nje au gereji, liache siku kadhaa ukiangalia kona na kitambaa kikavu.

Njia ya bei nafuu ambayo watu wanaidharau ni kujenga tangi la zege lenye nondo pande tatu na kioo upande wa mbele tu. Linapigwa plasta yenye dawa ya kuzuia maji, kioo kinakaa kwa ndani ili presha ikisukume kwenye fremu, na ukuta wa nyuma unaupa sura ya mawe unavyotaka. Saruji mpya inatoa chokaa kali inayopandisha pH kupita kiasi, kwa hiyo unajaza, unaloweka siku kadhaa, unamwaga, unarudia mpaka pH itulie chini ya 9. Ila jua kwamba tangi hili halihami, ukihama nyumba unaliacha.

SAMPU NA MABOMBA

Filta za kufunga pembeni sahau. Tangi la ukubwa huu linataka sampu, yani tangi la pili chini yake ambako maji yanashuka yenyewe, yanapita kwenye vichujio, halafu pampu inayarudisha juu. Mwambie fundi kioo atoboe matundu kabla ya kuunganisha na hakikisha kioo hicho sio cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa joto, manake kile ukigusa na drili kinasambaratika chote. Kwa kushusha maji tumia bomba tatu za PVC, moja inabeba maji yote kimya kimya na ina valvu ya kurekebishia, ya pili inachukua kinachozidi, ya tatu ni ya dharura iko juu kidogo na haiguswi kabisa, ikianza kutoa maji unajua kuna konokono au jani limeziba huko.

Sasa hapa sikiliza vizuri kwa sababu ndo chanzo cha mafuriko sebuleni. Umeme ukikatika pampu inasimama lakini maji yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa tundu. Kwenye tangi la mita 3 kwa sentimita 90 kila sentimita moja ya maji ni lita 27. Yakishuka sentimita tatu ni lita 81 zinaingia sampu kwa mkupuo. Na bomba la kurudisha nalo linafyonza kurudi nyuma, kwa hiyo mdomo wake uwe karibu na uso wa maji au toboa katundu kadogo ka kuvuta hewa, katundu hako ukasafishe kila mwezi. Sampu ya sentimita 150 kwa 50 kwa 50 ina lita 375, iendeshe ikiwa nusu tu, nusu nyingine ni nafasi ya siku umeme unakatika. Ukimaliza kufunga, zima swichi mwenyewe ukiwa umesimama hapo, tazama maji yanaishia wapi, chora mstari kwa makapeni kwenye sampu na usijaze kupita hapo.

Pampu iwe ya kuzungusha maji yote mara tano kwa saa, kwa hesabu yetu lita 9,000, na hiyo lita 9,000 iwe ni baada ya kupanda kimo, ile namba ya kwenye boksi imepimwa bila kupandisha maji. Chujio la kwanza ni sponji na pamba za kukamata uchafu, hizi zinafuliwa kila wiki. Baada ya hapo ndo nyumba ya bakteria wanaogeuza amonia, yani sumu ya uchafu wa samaki, kuwa naitraiti halafu naitreti isiyo kali, na huna haja ya kununua vikokoto vya bei mbaya vya kutoka nje, mawe mepesi ya volkano yenye matundu ya Mbeya au Arusha yanafanya kazi safi kabisa, yapasue saizi ya limao, yaoshe mpaka yaache kutoa vumbi, jaza kwenye nyavu. Haya usiyafue kwa maji ya bomba hata siku moja, klorini itaua bakteria wote, yasuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe tena mara chache tu kwa mwaka.

MAJI

Nunua vipimo vya matone, amonia, naitraiti, naitreti, pH na KH (kabonati za kwenye maji zinazozuia pH isiyumbe), pamoja na kile kikalamu cha kupima chumvi chumvi za kwenye maji. Maji ya kisima yakitoka tu yanaweza kusoma pH 7 na kidogo kwa sababu yana kaboni dayoksaidi nyingi, usikate tamaa, yapige hewa kwenye simtanki usiku mzima halafu pima tena, utaona yamepanda. Kwenye kikalamu Ziwa Tanganyika linasoma kama maikrosimensi 650, kisima chako cha pwani kikisoma 1,500 na kuendelea mara nyingi hiyo ni chumvi ya bahari imeingia, changanya na maji ya mvua au ya bomba mpaka ishuke. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye simtanki siku nzima na pampu ya hewa ikikoroga, au tumia sodiamu thaiosalfeti gramu 10 kwa lita 1,000.

Kama maji yako ni laini, watu wa Mbeya na Njombe mnaelewa, bekingi soda inatosha kupandisha KH. Gramu 30 kwa lita 1,000 inapandisha digrii moja. KH ya ziwani iko kama 16 mpaka 18, wewe ukifika 10 au 12 ukabaki hapo hapo bila kuyumba samaki hawana shida. Fanya taratibu na ufanyie kwenye simtanki, sio unamwaga unga kwenye tangi lenye samaki. Kuna wanaoshauri magadi ya sokoni kwa sababu ni rahisi, mimi nakataa, magadi ya maziwa yetu ya bonde la ufa yana floraidi nyingi na hujui mzigo ulionao una kiasi gani.

Mawe ya chokaa ya Kunduchi na Boko yanasaidia pia kushikilia ugumu wa maji, jaribu kwa ndimu, likitoa povu ni chokaa. Yaweke mawe moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla ya mchanga, juu ya kashiti kembamba ka plastiki, kwa sababu samaki hawa wanachimba na jiwe lililosimama juu ya mchanga litaanguka. Mchanga wa mto, mwembamba, sentimita tatu hivi tu, na kuuosha ni kazi ya siku nzima usidanganyike.

Kabla ya samaki lazima bakteria wakue. Weka kamba wabichi kama robo kilo kwenye soksi ya neti, waoze humo, amonia itapanda, kisha naitraiti itapanda, mwishoni zote zinarudi sifuri na naitreti inabaki. Hesabu wiki nne mpaka sita. Ukipata mawe ya volkano au sponji chafu kutoka kwa mwenzako mwenye tangi lisilo na magonjwa muda unapungua sana. Usiruke hatua hii hasa kwa samaki wa Tanganyika, sababu ni ya kikemia. Amonia kwenye pH 7 na joto la nyuzi 25 sehemu yake yenye sumu haifiki hata asilimia moja, kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, kwenye pH 9 inafika kama asilimia 36. Kipimo kile kile ambacho kwenye tangi la maji laini samaki angevumilia, huku kinamuua kabla hujarudi kutoka kazini.

UMEME NA JOTO

Kinachoua samaki wa kwanza umeme ukikatika ni kukosa hewa, wengi wanadhani ni uchafu. Kwa hiyo panga hewa kwanza. Pampu kubwa inakula wati 80 mpaka 100, pampu ya hewa wati 20. Betri moja ya volti 12 ampea-saa 200 ina wati-saa 2,400, ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, ukitoa na kinachopotea kwenye inveta unapata kama saa nane. Ukiwa na betri ya lithiamu unachota zaidi. Kama mfuko haujaruhusu, basi pampu ya hewa peke yake iwe kwenye betri, saa zitakuwa nyingi na samaki watapona. Umeme ukiwa umekatika usilishe chochote.

Weka breka ya RCD, ile inayokata umeme ukivuja, kwenye laini ya tangi na waya wa ethi uwe wa kweli umefika ardhini, na kila waya ushuke chini ya soketi kwanza ndo upande kuingia, ili tone la maji lidondokee sakafuni. Maji tani mbili na umeme, hapa hakuna kubana matumizi.

Joto la Dar kuanzia Desemba mpaka Machi ni tatizo halisi. Tangi likifika nyuzi 30 oksijeni inayoweza kukaa kwenye maji inashuka kutoka kama miligramu 8.2 kwa lita hadi 7.5, na wakati huo huo samaki wanahema zaidi. Feni inayopuliza juu ya maji ya sampu inashusha nyuzi mbili hata tatu bila gharama kubwa, ila maji yatapungua kwa kuvukizwa, inaweza kufika ndoo ya lita 20 kwa siku, na unayojazia yawe maji laini au ya mvua kwa sababu chumvi haivukizwi inabaki inajikusanya. Watu wa Nairobi, Arusha na Iringa nyie mnahitaji hita, wekeni mbili au tatu za wastani kwenye sampu badala ya moja kubwa, ikikwama moja haipiki tangi zima.

SAMAKI GANI, WANGAPI

Chagua njia moja. Njia ya kwanza ni frontosa. Dume anazidi sentimita 30, ana kichwa chenye nundu na milia ya bluu nyeusi, anaishi miaka zaidi ya 20 akitunzwa. Nunua vijana 12 mpaka 15 waliozaliwa kwenye matangi, sio waliovuliwa, wale wa ziwani wanakaa kina kirefu na kupandishwa kwao ni mateso. Watakua polepole, dume mmoja au wawili watatawala, waliobaki majike. Jike anabeba mayai mdomoni wiki nne mpaka tano bila kula vizuri, mwache mahali penye utulivu. Usiwachanganye na vile vidogo vinavyoogelea kwa makundi vinavyoitwa Cyprichromis, kule ziwani ndo chakula chao.

Njia ya pili ni sikilidi wanaoitwa Tropheus, aina ya duboisi kwa mfano, ambao wakiwa wadogo ni weusi wenye madoa meupe. Hawa ni wagomvi ajabu, dawa ni wingi, 30 kwenda juu kwenye tangi kama hili ili ugomvi ugawanyike. Wao ni wala mwani, utumbo mrefu, ukiwalisha nyama wanavimba tumbo na kufa. Ndo maana Tropheus na frontosa hawakai pamoja, chakula cha mmoja ni sumu ya mwenzie. Frontosa anakula tembe za samaki, kamba na uduvi, Tropheus anapewa vyakula vya spirulina, yani mwani mkavu. Wote mara moja au mbili kwa siku, kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili, na siku moja kwa wiki hawali kabisa.

Kwenye njia yoyote unaweza kuongeza gogogo wa Tanganyika mwenye madoa, multipunctatus. Anapenyeza mayai yake wakati sikilidi wanataga, mama sikilidi anayaokota mdomoni na kumlelea mtoto wa gogogo huku wa kwake wakiliwa humo humo. Kumtazama akifanya hivyo ndani ya sebule yako ni kitu kikubwa sana.

Kila samaki mpya akae kwanza kwenye tangi la pembeni la lita 200 wiki nne. Na hilo hilo ndo hospitali, kwa sababu kutia dawa lita 1,800 ni hela na ni kuua bakteria. Samaki anayejitenga, hataki kula, kinyesi cheupe kama uzi, mtoe haraka, hiyo ndo dalili ya kuvimba tumbo, watu wengi wanatibu kwa metronidazoli na inasaidia ukiwahi.

KAZI YA KILA WIKI

Badilisha asilimia 40, lita 720. Kwa ndoo ni ndoo 36 na hakuna binadamu atakayeendelea na hilo mwaka mzima, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 liwe sehemu ya bajeti toka siku ya kwanza, na pampu yake na mpira unaofika. Mchana wa Ijumaa jaza simtanki, piga hewa usiku, Jumamosi toa maji ya zamani kwa mpira mpaka nje, fyonza uchafu juu ya mchanga, rudisha mapya. Tofauti ya joto isizidi nyuzi mbili hivi. Maji yanayotoka yana mbolea, migomba inayapenda, ila kama unatumia bekingi soda nyingi usimwagie mchicha kila wiki, sodiamu itaharibu udongo wake. Kipimo cha naitreti kikiwa juu ya 30 kabla ya kubadilisha, basi unalisha sana au samaki ni wengi, punguza kimoja.

Taa masaa nane tu. Ukungu wa kijani kwenye mawe uache, huo ni malisho, safisha kioo cha mbele peke yake kwa sumaku na uangalie isinase punje ya mchanga kwa sababu itachora kioo mstari usiofutika.

Na samaki wakizidi, wape wafugaji wengine au warudishie muuzaji. Usiwamwage mtoni wala bwawani hata kama ni wa Tanzania, samaki wa Tanganyika ni wa Tanganyika, sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 na furu wa pale wengi wametoweka.

Anayetaka kuanza mwezi huu aanze na vitu viwili vya hela ndogo, achukue chupa ya maji ya kisima chake ayapime pH, KH na chumvi baada ya kuyapiga hewa, halafu apime sebule na kujua sakafu imejengwaje. Majibu ya hivyo viwili ndo yatamwambia ajenge saizi gani na aweke samaki gani.